Harlow Shapley, mtu aliyelitoa jua katikati

Safu hii imezoea kuwakumbuka watu wetu wa mwambao: masheikhe, malenga, manahodha, na kina mama waliosomesha mitaa mizima bila mshahara. Leo naomba ruhusa nivuke bahari nimzungumzie Mmarekani aliyefariki mwaka 1972. Harlow Shapley hakuwa na undugu wala ujirani na sisi, lakini alichokipima kiko juu ya mapaa yetu kila usiku, Lamu na Msambweni sawasawa.

Nina sababu ya kumchagua. Sisi watu wa Pwani tumechoka kuambiwa kuwa tuko pembeni: pembeni ya ramani, pembeni ya bajeti, pembeni ya mazungumzo ya wakubwa. Shapley ndiye aliyeonyesha, kwa hesabu na picha, kwamba hatuko peke yetu katika hilo. Jua lenyewe, pamoja na dunia na Nairobi yake yote, liko pembeni. Kisha mtu huyohuyo, akiisha kutufunza hayo, akashindwa kwa miaka kadhaa kuamini kuwa ng'ambo ya mji wetu kuna miji mingine. Hilo la pili ndilo lililonifanya nimsome.

Alizaliwa tarehe 2 Novemba 1885 katika shamba karibu na kijiji cha Nashville, jimbo la Missouri, yeye na pacha wake. (Nashville ya muziki ni nyingine, iko Tennessee.) Masomo yake yalikuwa ya kijijini, na aliyaacha akiwa na kiwango cha kama darasa la tano. Akiwa kijana wa miaka kama 16 alipata kazi katika gazeti dogo la mji wa Chanute, Kansas, akiandika habari za uhalifu. Alipotaka kurudi shuleni, sekondari ya Carthage ilimkataa kwa kuona hakuandaliwa vya kutosha. Akaingia shule ya kanisa mjini humohumo, akamaliza kwa muda usiotimia miaka miwili, naye akaongoza darasa.

Mwaka 1907 alijiunga na Chuo Kikuu cha Missouri akiwa na nia ya kusomea uandishi wa habari. Kufika akaambiwa kitivo hicho hakijafunguliwa, asubiri mwaka mmoja. Mwenyewe alikuwa akisimulia uzeeni kwamba alichukua orodha ya masomo, akaanza na herufi ya kwanza, akakuta akiolojia, ikamshinda kuitamka. Somo lililofuata lilikuwa astronomia, na hilo aliweza kulitamka. Mimi mwenye diploma ya uandishi wa habari kisa hiki nakiamini nusu. Mwandishi haachi hadithi nzuri ipite bila kuitia nazi. Lakini kwamba kitivo kilichelewa kufunguliwa, hilo ni kweli, na elimu ya nyota ikafaidika na ucheleweshaji huo.

Alikwenda Princeton kwa Henry Norris Russell, akapata shahada ya udaktari mwaka 1913. Mwaka uliofuata alimuoa Martha Betz, mwanamke hodari wa hesabu aliyekuwa akimsaidia kukokotoa, na wote wawili wakahamia California, ambako Shapley aliajiriwa katika kituo cha Mount Wilson. Huko kulikuwa na darubini yenye kioo cha inchi 60, na usiku wa mlimani wa siku zile ulikuwa bado mweusi kweli. Mchana, akingoja giza, alipenda kuwatazama siafu na chungu wakipanda na kushuka ukutani. Akawapima mwendo wao kwa saa na kipimajoto, akagundua kwamba kadiri joto linavyopanda ndivyo wanavyokimbia, hata akaweza kukadiria hali ya joto kwa kutazama miguu yao tu. Matokeo aliyachapisha katika majarida ya sayansi kwa uzito uleule wa nyota. Napenda sana habari hii ya chungu. Yaonyesha mtu asiyeweza kukiona kitu kikitembea bila kutaka kujua kwa nini.

Tuje kwenye nyota zenyewe. Sote twakijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee wetu walilitazama kujua misimu ya mvua na kilimo. Kilimia ni fungu la nyota lililo wazi, changa kiasi, lenye nyota zilizotawanyika. Liko fungu la namna nyingine, la mviringo, lenye nyota laki nyingi zilizosongamana mithili ya nyuki mzingani. Nitaliita tufe la nyota. Matufe haya ni ya kale mno. Nyota zake zina umri unaofikia miaka bilioni 12 hivi, karibu sawa na umri wa ulimwengu wenyewe. Siku za ujana wa Shapley yalijulikana matufe yapatayo 100. Hakuna aliyejua yako umbali gani.

Umbali ndio mtihani mkubwa wa elimu ya nyota. Mtazamaji aliye ufukweni usiku akiona taa baharini hawezi kujua kama ni taa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Lakini akijua kwamba wavuvi wote wa dagaa wamebeba karabai za namna moja, basi kwa kutazama ni ipi hafifu atajua nani yuko mbali zaidi. Karabai za mbinguni ziligunduliwa na mwanamke wa Harvard, Henrietta Leavitt, ambaye masikio yake yalikuwa yamepungua sana uwezo wa kusikia, na aliyelipwa senti 30 kwa saa kukagua picha za nyota zilizopigwa Peru. Alichunguza nyota zinazopwesa, yaani zinazong'aa na kufifia kwa mpangilio, ziitwazo Sefeidi. Mwaka 1912 alionyesha kuwa ile inayopwesa polepole ndiyo yenye nuru kubwa zaidi kwa asili yake. Hesabu siku za kupwesa, utajua ukubwa wa taa. Linganisha na unavyoiona, utajua umbali. Kila alichofanya Shapley baada ya hapo kilisimama juu ya mabega ya Bi Leavitt, na kwa maoni yangu jina lake lastahili kutajwa kila linapotajwa la Shapley.

Shapley alichukua kipimo hicho akakipeleka kwenye matufe. Palipokuwa na nyota zinazopwesa alizitumia. Zilipokosekana alitumia nyota zinazong'aa zaidi, na pale ziliposhindikana alitumia ukubwa wa tufe zima machoni. Kufikia mwaka 1918 alikuwa amekadiria umbali wa matufe karibu 70. Alipoyapanga yote akaona jambo ambalo wengine waliliona kabla yake bila kulitafsiri: hayakutawanyika sawasawa. Karibu theluthi moja yalikuwa yamejazana katika kipande kidogo cha mbingu, upande wa buruji ya Kausi.

Fikiria uko Mji wa Kale, Mombasa, wakati wa Alfajiri. Ukiwa katikati ya mitaa, adhana yakujia kutoka pande zote. Ukiwa ndani ya mtumbwi nje ya bahari, adhana zote zatoka upande mmoja. Huhitaji ramani kujua kwamba mji uko kule nawe uko nje yake. Shapley alisikia adhana zote kutoka Kausi. Akasema kitovu cha Njia Nyeupe, ule utepe mweupe wa nyota tunaouona usiku, kiko huko, na jua letu liko mbali nacho. Wakati huo wataalamu wakubwa wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiliweka jua karibu na katikati. Copernicus aliitoa dunia katikati ya sayari. Shapley alilitoa jua katikati ya nyota, akiwa na umri wa miaka 32.

Namba zake hazikuwa sahihi zote. Alisema kitovu kiko kama miaka ya nuru 65,000 kutoka kwetu. Leo twajua ni kama 26,000. Alisema Njia Nyeupe ina upana wa 300,000. Leo yakadiriwa 100,000 hivi. Kosa moja lilitokana na vumbi lililoko baina ya nyota, ambalo hufifisha nuru kama ukungu, na ambalo Robert Trumpler alilithibitisha mwaka 1930. Lingine ni kwamba Sefeidi ziko za aina mbili, jambo lililofafanuliwa na Walter Baade baadaye. Ila upande alioonyesha ulikuwa ndio. Ukitazama Kausi usiku wa Agosti, watazama kitovu cha mji wetu.

Sasa niseme lililomshinda. Katika darubini kulikuwa na mawingu mengi yenye umbo la pia inayozunguka. Mashuhuri kuliko yote lilikuwa lile la Andromeda, ambalo Abd al-Rahman al-Sufi wa Uajemi aliliandika kama kijiwingu mnamo mwaka 964, karne nyingi kabla ya darubini. Je, mawingu hayo yalikuwa ndani ya Njia Nyeupe, au yalikuwa galaksi nyingine, miji mingine kamili yenye majua yake? Shapley aliishapata Njia Nyeupe kubwa kupita kiasi, na kwake hiyo ndiyo iliyokuwa ulimwengu wote. Tena rafiki yake wa Mount Wilson, Adriaan van Maanen, alidai kuwa amepima mzunguko wa mawingu yale kwa macho. Kama ni kweli, basi yalikuwa karibu. Shapley akamwamini rafiki.

Tarehe 26 Aprili 1920 aliitwa Washington kujadiliana na Heber Curtis mbele ya Akademia ya Sayansi. Siku zile Harvard ilikuwa ikitafuta mkurugenzi wa kituo chake cha nyota, na baadhi ya watu wake walikuwa wameketi ukumbini kumtazama. Shapley akasoma hotuba nyepesi, akatumia muda mrefu kueleza mwaka wa nuru ni nini. Curtis alikuja na hoja za kitaalamu. Leo tukihesabu, kila mmoja alipatia nusu: Curtis alisema kweli kuhusu miji mingine lakini akaliacha jua karibu na kitovu cha Njia Nyeupe ndogo, Shapley alisema kweli kuhusu mahali petu, akakosea kuhusu majirani. Kazi ya Harvard aliipata mwaka 1921. Bi Leavitt alikuwa huko bado, naye akafariki Desemba mwaka huohuo.

Kipo kisa ambacho Milton Humason alikisimulia baadaye. Humason aliacha shule mapema kama Shapley, akaanza kazi Mount Wilson kwa kuswaga nyumbu waliobeba vifaa mlimani, kisha akawa mfagizi, kisha msaidizi wa usiku, na mwisho mwanaastronomia anayejulikana duniani. Alipokuwa bado msaidizi alikagua vioo vya picha za Andromeda, akatia alama za wino palipoonekana nyota zinazopwesa, akampelekea Shapley. Shapley akamweleza kwa upole kwa nini haiwezekani ziwe Sefeidi, akatoa leso mfukoni na kuzifuta alama zile. Siwezi kuapa kwamba kila kipande cha kisa hiki kilitokea hivyo, lakini kwa yale tunayoyajua kuhusu msimamo wake, leso ile inamfaa.

Aliyekuja kuziandika tena alama ni Edwin Hubble, mzaliwa wa Missouri vilevile, ambaye Shapley hakumpenda wala yeye hakumpenda Shapley. Oktoba 1923 Hubble alipata Sefeidi ndani ya Andromeda. Februari 1924 akamwandikia Shapley barua akimpa siku za kupwesa kwake na umbali uliopatikana. Ulikuwa mbali mno na mpaka wowote wa Njia Nyeupe. Ofisini alikuwamo Cecilia Payne, mwanafunzi kijana kutoka Uingereza, na yeye ndiye aliyehadithia kwamba Shapley alimwonyesha barua ile akamwambia kuwa hiyo ndiyo iliyouangamiza ulimwengu wake. Alishindwa kwa kipimo chake mwenyewe, zile karabai alizozitumia kwenye matufe.

Haukupita muda mrefu matufe nayo yakatoa ushahidi. Mwaka 1932 Hubble alitangaza kuwa ameona vitu 140 kuizunguka Andromeda vilivyofanana na matufe yetu. Mji wa pili nao ulikuwa na minara yake.

Baada ya hapo wengi wangenuna. Shapley alikubali, akageuza kituo cha Harvard kuhesabu galaksi kwa maelfu. Pamoja na Adelaide Ames alitoa mwaka 1932 orodha ya galaksi 1,249 zinazong'aa zaidi. Bi Ames alizama ziwani mwaka uleule, akiwa bado kijana. Kituo cha Harvard kilichokuwa Peru kilihamishiwa Afrika Kusini mwaka 1927, karibu na Bloemfontein, kwa kuwa mbingu za kusini zina utajiri usioonekana Marekani. Kwa picha za bara letu Shapley alitangaza mwaka 1938 galaksi mbili ndogo hafifu, za Sculptor na Fornax, ambazo ni majirani wa Njia Nyeupe. Ile ya Fornax, ingawa ndogo, ina matufe yake kadhaa. Na mwaka 1930 alikuwa ameeleza msongamano wa galaksi za mbali katika kundinyota la Kantarusi. Ulikaa vitabuni karibu miaka 60 kabla ya wataalamu kutambua kwamba ni miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya galaksi katika ujirani wetu wa ulimwengu, umbali wa miaka ya nuru milioni 650 hivi. Wakaupa jina lake.

Hapa matufe na misongamano yanakutana, na natamani Shapley angeyaona. Njia Nyeupe ina matufe yapatayo 150 hadi 200. Lakini galaksi kubwa zinazokaa katikati ya misongamano zina mengi ajabu. M87, iliyo katika mkusanyiko wa galaksi upande wa buruji ya Sumbula, inayo zaidi ya 10,000. Sababu mojawapo ni kwamba palipobanana, kubwa humeza ndogo. Galaksi ndogo hukaribia, huvutwa, huraruliwa, nyota zake zikatawanyika. Matufe yake, kwa kuwa yameshikana sana, hubaki mazima na kuhesabiwa kwa mwenye nyumba mpya. Hivyo ukiyahesabu matufe ya galaksi na kuyapima, wasoma historia ya waliomezwa. Kwetu pia yako matufe ambayo wataalamu wanayachukulia kuwa urithi wa namna hiyo.

Simfanyi Shapley walii. Alimpa Cecilia Payne nafasi ambayo Uingereza isingempa, na kazi yake ya mwaka 1925 iliyoonyesha kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa ni miongoni mwa kazi kubwa za karne ile. Hata hivyo alimlipa kidogo, na kwa miaka mingi masomo aliyofundisha hayakuorodheshwa katika kitabu cha chuo. Chuo ndicho kilichokataa wanawake, ni kweli. Mkurugenzi naye alijua kutumia kilichokuwa rahisi. Kazi ya hesabu ya kituo alikuwa akiipima kwa saa za wasichana, kana kwamba ni magunia.

Katika mengine alisimama imara. Hitler alipowafukuza wasomi, Shapley aliandika barua nyingi na kutafuta fedha mpaka wengi wakapata kazi Marekani. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa waliohangaika sayansi iingizwe katika shirika jipya la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, na ndiyo maana UNESCO ina herufi ya S. Mwaka uliofuata kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti ilimhoji kwa ukali, kwa kuwa alitaka amani na Urusi na alishirikiana na kila aliyeitaka. Wanasayansi wenzake wakajibu kwa kumchagua kuongoza chama chao kikubwa mwaka 1947. Seneta McCarthy alimtaja tena mwaka 1950. Shapley hakukimbia wala hakuomba radhi. Alibaki mkurugenzi hadi 1952.

Alifariki Boulder, Colorado, tarehe 20 Oktoba 1972, siku chache kabla ya kutimiza miaka 87. Mwanawe Lloyd alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Anayetaka kuliona tufe la nyota kwa macho yake asubiri katikati ya Juni, kusi likishashika na mawingu ya masika yakiisha. Atoke baada ya Isha, kama saa mbili usiku, aende pasipo taa za barabarani, aelekee kusini. Msalaba wa Kusini utakuwa pale. Juu yake, kushoto kidogo, karibu nusu ya mbingu, kuna kitu kama nyota iliyofutwa kwa kidole. Hilo ni Omega Centauri, tufe kubwa kuliko yote ya Njia Nyeupe, lenye nyota mamilioni, na wengi wa wataalamu wanaamini kwamba zamani lilikuwa kiini cha galaksi iliyomezwa na yetu. Kwetu hupanda juu vizuri. Nyumbani kwa Shapley, Missouri, lajitokeza kidogo tu juu ya upeo kisha lazama.